Aliyemdhuru Sinhora

Jumatatu, 14 Aprili

Daftari hili ni la mwanangu Rizuane. Alipokwenda Pemba kusoma, ule mji mkubwa wa mkoa wetu, si kile kisiwa, alilisahau juu ya kabati, ameandika kurasa mbili tu za hesabu, na zote mbili zina makosa. Nimezichana. Kuanzia leo ni daftari langu mimi, Zubeida wa Quionga, kijiji cha kusini ya mto Rovuma, na humu nitaandika habari za paka wangu mpaka mpunga wote uingie ghalani. Anayetaka kucheka acheke.

Sababu ni panya. Mwaka huu mpunga umekubali, mvua imenyesha mpaka tukachoka kushukuru, na panya nao wamepata habari. Gunia la kwanza tuliloliingiza ghalani Jumamosi, leo lina tundu la kupitisha ngumi. Na tangu turudi kutoka kwenye kukimbia vita, paka hapa kijijini ni wa kuhesabu. Mimi ninao wawili. Sinhora, yaani bibi mkubwa, ni jike, mweupe mwenye koti jeusi mgongoni, anatembea kama mke wa mkubwa wa serikali. Bwana Mkubwa ni dume jekundu ambalo kazi yake ni kulala.

Sasa sikia. Asubuhi Laura kanitumia sauti kwenye simu. Laura tulikaa naye nyumba moja kule Pemba miaka ile ya ukimbizi. Siku hizi anafanya kazi kwa mama mmoja anayefuga paka sita. Anasema paka hao hawaonji ubwabwa wala mchuzi. Wanakula nyama mbichi: mnofu, moyo, ini kidogo, mifupa mibichi ya kuku, basi. "Dada Zubeida, manyoya yao yanateleza hata nzi hakai!" Nimeisikiliza mara tatu. Kweli kabisa! Sisi tunawapa paka ukoko na mchuzi wa nazi halafu tunashangaa hawakamati panya. Nani aliona chui akila mchuzi wa nazi?

Nyama kwetu ni ya harusi na Idi. Lakini mume wangu Mamudo ana sehemu yake kwenye wavu, na kila asubuhi anarudi na ndoo ya dagaa. Mtu wa pwani nyama yake ni samaki. Nimepiga kofi peke yangu uani kwa furaha. Kesho tunaanza.

Jumanne, 15 Aprili

Dagaa wabichi, vichwa na yote. Sinhora alinusa, akanitazama kama kuniuliza ikiwa nimekosea sahani, halafu akala mpaka akalamba sakafu. Bwana Mkubwa alinusa, akapapasa chini kwa ukucha kama anafukia uchafu, akaenda zake. Shauri yake.

Ijumaa, 18 Aprili

Dagaa wabichi. Mvua. Sinhora kakamata panya wanne!

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimempima Sinhora. Nilimtia kwenye kikapu nikakitundika kwenye mizani ya mpunga, akalia utadhani anachinjwa. Kilo tatu na nusu! Mamudo anasema nusu nzima ni hasira. Mimi nasema ni dagaa, na ni jambo jingine pia, maana nimempapasa tumbo: ana mimba. Nimehesabu kwa vidole, atazaa karibu na Idi ya kuchinja.

Manyoya yanang'aa. Mavi yake ni madogo, magumu, hayanuki. Nilimweleza Mamudo akaniomba habari hizo nisimpe akiwa na tonge mkononi.

Kijiji kizima kimesikia. Chamima, jirani yangu wa mashariki, kaja kuandikisha paka mtoto. Mwalimu Bashiru wa madrasa naye anataka mmoja, panya wanamlia misahafu. Wamefika watano walioandikisha, na tumbo la Sinhora sijui lina wangapi. Najiona kama nina mkutano wa kampeni.

Aliyeniharibia siku ni Nasrin. Nasrin ni jirani wa magharibi, ukuta kwa ukuta, mwenye duka. Kwao Mtwara, mumewe Pazi huvuka Rovuma kila mara kuleta bidhaa. Alichungulia juu ya ua akaona sahani. "Mama Rizuane, dagaa wabichi kila siku? Kwetu paka tunampikia, hata kama ni kuchemsha tu." Nikamjibu kwao ni kwao na hapa ni hapa. Wivu tu. Tena hata haoni haya, Bwana Mkubwa wangu anamwita mbele yangu kwa kumbusu hewani.

Jumapili, 27 Aprili

Dagaa wabichi. Tumevuna shamba la bondeni, mgongo sina. Panya watatu.

Jumamosi, 3 Mei

Nimegombana na Nasrin. Naandika haraka kabla hasira haijapoa.

Ameleta sumu ya panya dukani. Vipakiti vyekundu, ameviweka mbele kabisa, karibu na biskuti za watoto! Nikamwambia: "Nasrin, panya atakula sumu, paka atakula panya, tutazika wote."

"Mama Rizuane, si kila mtu ana Sinhora. Mama Chamima gunia lake zima limekuwa vumbi. Aende wapi?"

"Angoje paka watoto."

"Panya watangoja?"

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Walinicheka mimi. Nikatoka bila chumvi niliyoifuata. Nimefungua ukurasa wa walioandikisha paka nikaandika chini kwa herufi kubwa: NASRIN HAPATI. Roho imetulia kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Laura kanitumia sauti nyingine, ndefu. Anauliza nawapa nini. Nikamjibu. Akasema: "Dada, usiwape kitu kimoja tu. Yule mama anabadilisha: leo kuku, kesho ng'ombe, ini mara mbili kwa wiki. Wabadilishie." Kasema na dawa ya minyoo, na mifupa iliyopikwa nisiwape kabisa, inachoma utumbo.

Nimetii. Leo nimempa Sinhora dagaa wakubwa badala ya wadogo.

Jumamosi, 10 Mei

Kusi limeanza, asubuhi kuna baridi tamu. Magunia kumi na moja ghalani na hakuna lililotobolewa. Hakuna! Nimepita mbele ya duka la Nasrin polepole, nikiimba.

Jumatano, 14 Mei

Dagaa wabichi, ameacha nusu. Mimba inawapa tabia, hata mimi nilipokuwa na Rizuane sikutaka kuona muhogo. Sinhora hajapanda juu ya magunia leo. Mzito, maskini.

Jumatatu, 19 Mei

Kaacha sahani nzima. Nimemkalia chini nikamlisha kwa mkono, dagaa mmoja mmoja, kama mgonjwa. Kala sita. Alipotaka kuruka kizingiti alikosea, akagonga kidevu. Nilicheka. Sasa naandika hapa kwamba nilicheka.

Alhamisi, 22 Mei

Lazima niandike.

Asubuhi niliingia ghalani na sahani. Sinhora alikuwa amesimama katikati ya sakafu, kichwa kimeinama mpaka kidevu kimegusa kifua, kama mtu aliyeangusha sindano. Nilimwita, akageukia upande ambao sipo. Akapiga hatua tatu, miguu ya nyuma ikaenda kwingine, akaanguka. Macho yake yalikuwa meusi matupu, mboni zimemeza rangi yote. Nilipomshika mwili ukakakamaa, miguu ikapiga hewa. Nikapiga kelele. Mamudo alikuja mbio na kisu akidhani ni nyoka.

Tetemeko lilipita. Alibaki anahema, tumbo kubwa, watoto ndani. Na mimi nikaona jambo moja tu mbele yangu: vipakiti vyekundu.

Sikumsikiliza Mamudo. Nilifika dukani na kanga moja, nywele wazi. Chamima alikuwepo, na wanawake wengine wawili.

"Nasrin! Umemfanya nini paka wangu?"

Aliweka chini kibaba cha sukari. "Mimi?"

"Sumu unauza wewe. Ugomvi umegombana nami wewe. Kaanguka, anatetemeka, anakufa na watoto tumboni!"

"Pole, mama Rizuane. Pole sana. Lakini mimi sijamgusa."

"Sumu unauza!"

"Nauza. Na wembe nauza. Nani kachinjwa?"

Jibu lile lilinitia wazimu. Nikasema apige kiapo. Akasema, "Mimi na wewe tumefuturu sahani moja Ramadhani hii. Siapi kwa ajili ya neno ambalo unajua si kweli." Nikasema basi Halbadiri itamwapisha.

Chamima alishika mdomo. Hapa kwetu mtu akidhuriwa na hamjui nani, mwalimu husoma majina ya watu wa Badri, na dua ile humwendea aliyetenda popote alipo. Tumewaona waliovimba matumbo. Tumewaona walioropoka wenyewe sokoni. Neno hilo halitajwi kwa mchezo, na mimi nimelitaja dukani mbele ya watu, kwa sauti ya kuita mbuzi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Bashiru. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Halbadiri kwa paka, Zubeida?"

"Paka si kiumbe, mwalimu?"

"Ni kiumbe." Alivua kofia, akaivaa tena. "Unamtaja mtu?"

"Simtaji. Kila mtu anamjua."

"Basi nitasoma juu ya aliyemdhuru, awe nani. Kesho baada ya Ijumaa nitatangaza, na nitampa siku saba aje mwenyewe. Ijumaa ya pili nasoma. Lakini unielewe, mwanangu: ikisomwa haiulizi jina. Inamfika mwenye mkono."

"Ndivyo ninavyotaka!" nikasema. "Ndivyo hasa!"

Nimerudi, Sinhora yu hai. Namlalisha kwenye kapu la mpunga. Maji kwa kijiko.

Ijumaa, 23 Mei

Imetangazwa. Mamudo kasema msikitini watu walitazamana. Hakula chakula cha mchana. Kasema, "Wewe mwanamke," halafu hakumaliza.

Jumapili, 25 Mei

Duka la Nasrin ni tupu. Watu wanapita mbali, wanakwenda kununua kwa mwenye kibanda cha njia ya Palma, nusu saa kwa miguu. Niliona hivyo nikafurahi. Halafu niliona Nasrin anavifunga vile vipakiti kwenye boksi, peke yake, mlango nusu wazi, na furaha ikapungua bila mimi kuipa ruhusa.

Sinhora anatetemeka mara mbili kwa siku. Hataki dagaa kabisa. Nampa maji ya samaki waliochemshwa kwa kijiko, ndiyo anayomeza. Laura kaniomba video, nikamtumia. Kajibu kwa kifupi kwamba anamjua tekniko wa mifugo wa Palma, na atampigia.

Jumatatu, 26 Mei

Lo! Lo! Sijui nianzie wapi.

Tekniko amefika, anaitwa Germano, kijana mrefu mwenye pikipiki na kisanduku cha barafu. Alikuwa anakuja kuchanja kuku wa Quionga hata hivyo, Laura akamfanya aanze kwangu. Alimshika Sinhora kwa namna ambayo nilimpenda papo hapo. Akamulika macho. Akamtazama kidevu kile kwenye kifua. Mimi huku namwaga: sumu, jirani, duka, vipakiti vyekundu, Ijumaa itasomwa.

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Mama, anakula nini?"

Nikajivuna! Nikamwambia kwangu paka hawali takataka, wanakula kibichi kama walivyoumbwa.

"Kibichi gani?"

"Dagaa."

"Na nini kingine?"

"Dagaa wakubwa."

"Tangu lini?"

Nikafungua daftari hili. Nilimsomea: tarehe kumi na tano Aprili, dagaa wabichi. Kumi na nane, dagaa wabichi. Ishirini na saba, dagaa wabichi. Kila nilipofungua ukurasa sauti yangu ilipungua, na yeye alikuwa anatikisa kichwa taratibu, bila ubaya.

"Mama, hii si sumu. Sumu ile ya panya inatoa damu. Huyu hana damu popote." Akanieleza polepole. Kuna samaki wadogo ambao wakiwa wabichi wana kitu ndani yao kinachokula vitamini moja, ya B, ile inayoshika ubongo na mishipa. Ukiwachemsha, kitu kile kinakufa na samaki anakuwa chakula chema. Ukimpa paka mara moja moja, si neno. Ukimpa hao tu, kila siku, wiki tano, na mimba juu yake, basi ubongo unakaa na njaa huku tumbo limeshiba.

"Kwa hiyo nyama mbichi ni mbaya?"

"Nyama si mbaya. Moyo, ini kidogo, kuku, tá bom, ni sawa. Ubaya ni kitu kimoja peke yake."

Wabadilishie. Laura alinena neno hilo hilo, na mimi nikabadilisha ukubwa wa dagaa.

Akamchoma Sinhora sindano ya vitamini. Ameniachia nyingine za siku nne, kanifundisha kuchoma kwenye ngozi ya shingo. Nilitaka kulia, nilitaka kumkumbatia, nilimpa nazi tatu. Alipokuwa anafunga kisanduku akamwona Bwana Mkubwa amelala juu ya ukuta, amenenepa, manyoya kama hariri.

"Na huyu dume? Mbona mzima?"

"Huyo dagaa hataki."

"Basi anakula wapi?"

Sikuwahi kujiuliza.

Jumanne, 27 Mei

Anainua kichwa! Nusu siku tu, na kidevu kimetoka kifuani! Nimechoma sindano ya pili mwenyewe, jicho moja nimefumba. Kala ini la kuku, mbichi, vipande vidogo kama kucha. Mamudo kachinja kuku wa mgeni bila mgeni kuja. Hakuna tetemeko tangu asubuhi.

Niliruka uani mpaka jirani wakachungulia. Jirani mmoja hakuchungulia.

Jumatano, 28 Mei

Adhuhuri nilimfuata Bwana Mkubwa. Aliamka, akajinyoosha, akapanda ukuta wa magharibi kama mtu anayekwenda kazini. Nikachungulia juu ya ua, pale pale Nasrin alipochungulia siku ile.

Nyuma ya jiko lake kuna sahani ya bati, ya maua ya buluu. Vichwa vya samaki vilivyochemshwa, firigisi, kipande cha ini. Bwana Mkubwa alikula bila haraka. Nasrin alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi, amempa mgongo ua wangu. Alikuwa anaongea na paka. Alisema, "Kula, baba. Wewe huna kosa."

Nilishuka kwenye ndoo niliyosimamia. Nimekaa ghalani na magunia mpaka alasiri. Mimi ndiye niliyemwita mchawi wa sumu, naye wiki zote hizi alikuwa ananilishia paka. Aibu hii haina mahali pa kuitua.

Alhamisi, 29 Mei

Nilikwenda kwa Mwalimu Bashiru mapema, nimejifunika vizuri, na maneno nimeyapanga. Nikamwambia mambo yamekwisha, paka amepona, nafuta shitaka, hakuna haja ya kusoma.

"Amedhuriwa na nani?"

Nikatazama mkeka. Nikamweleza yote. Nilifikiri atacheka. Hakucheka.

"Ulikuja hapa peke yako, Zubeida, lakini neno ulilitoa dukani, nami nikalitangaza msikitini. Nikinyamaza kesho watu watasema Nasrin amemhonga mwalimu. Atabaki na sumu ile mkononi maisha yake yote, na sumu hakuwa nayo."

"Kwa hiyo utasoma?"

"Nimesema aliyemdhuru aje mwenyewe kabla ya Ijumaa ya pili. Siku bado ipo."

Nilirudi nyumbani, nikamkuta Sinhora amekaa juu ya gunia, ananitazama kwa macho yake ya kawaida, ya manjano. Juu ya gunia! Amepanda mwenyewe! Nikacheka na kulia pamoja. Nikamwambia, "Mwenzangu, wewe umepona, sasa zamu yangu."

Ijumaa, 30 Mei

Uwanja wa madrasa ulijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma, wengine wametoka hata kijiji cha Namoto kuja kuona mtu akivimba tumbo. Nasrin alikaa mwisho kabisa karibu na mlango, Pazi mumewe amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Ametoka Mtwara kwa ajili ya siku hii, kusimama na mkewe. Kwa mara ya kwanza nilimwona Nasrin bila hina, bila wanja, macho yamevimba.

Mwalimu alifungua kitabu. Kisha akakifunika kwa mkono. "Kabla sijaanza nauliza mara ya mwisho. Aliyemdhuru paka wa Zubeida yupo?"

Shingo zote zikageukia mlangoni.

Nikasimama. "Yupo, mwalimu."

"Nani?"

"Mimi."

Mwalimu, kana kwamba hajui lolote, akasema, "Wewe ndiye mwenye shitaka."

"Na mkono ni wangu. Nimemlisha dagaa wabichi wiki tano, bila kitu kingine, nikidhani namfanya chui. Laura aliniambia, nikaziba masikio. Nasrin aliniambia juu ya ua, nikasema ana wivu. Tekniko kanionyesha kwenye daftari langu mwenyewe. Hakuna sumu. Haikuwepo." "Na huyu mnayemkwepa duka lake, wakati nampaka matope, alikuwa anampikia paka wangu wa pili. Nimemwona kwa macho yangu. Kama kuna wa kusomewa, nisomewe mimi."

Halafu Chamima akacheka, kicheko kile chake cha kuku aliyetaga, na uwanja wote ukapasuka. Walicheka mpaka Mwalimu akaficha uso kwa kitabu. Sikujali! Wacha wacheke, wacheke mpaka Namoto, mradi wamegeuza shingo kutoka mlangoni.

Nikapita katikati ya watu mpaka kwa Nasrin. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema, "Dada Nasrin, nisamehe."

"Kila asubuhi nilisema leo simpi yule paka wako chakula," akasema. "Ikifika adhuhuri anakuja. Yeye hajasikia ulivyonisema."

"Nisamehe, dada."

"Simama. Kanga yako inachafuka." Hakusema amenisamehe. Lakini alinishika mkono kuninyanyua, na hakuuachia mpaka tukafika njiani.

Jumatatu, 2 Juni

Nimekwenda dukani, nimenunua chumvi niliyoiacha Mei. Foleni ilikuwa mpaka nje. Vipakiti vyekundu amevihamishia rafu ya juu, ndani, mbali na biskuti. Kanipimia chumvi ikamwagika juu ya kibaba.

Sinhora: moyo wa kuku, dagaa waliochemshwa, ini kidogo. Kilo tatu na robo. Panya wawili!

Jumamosi, 7 Juni. Idi

Asubuhi tulichinja mbuzi na nduguze Mamudo. Nilikata kipande cha moyo na cha ini cha Sinhora, mbichi, nikaenda ghalani kumpa. Kapu tupu. Nikatafuta kila gunia, chini ya kitanda, jikoni, kwenye shimo la taka. Nguo ya Idi imejaa makapi.

Ndipo nikasikia sauti juu ya ua. "Mama Rizuane! Njoo na ini. Likate dogo dogo."

Niliruka ukuta. Ndiyo, na nguo ya Idi, mtu wa miaka arobaini na mitatu.

Chini ya meza ya duka, ndani ya boksi la biskuti, Sinhora alikuwa amelala ubavu, amechoka kama malkia. Kazaa wanne. Mmoja hakupumua, Nasrin alikuwa ameshamfunga kwenye kitambaa. Watatu wananyonya: mweusi, mwenye mabaka, na mmoja wa rangi ya majivu. Wazima! Wananyonya kwa kelele! Sinhora alikula ini mkononi mwangu, kichwa kimesimama wima. Nikashika kichwa chake kwa mikono miwili, nikashukuru kwa sauti.

"Walioandikisha ni wangapi?" Nasrin akauliza.

"Watano."

"Na mimi nimo? Chamima anasema kila kitu unakiandika kwenye daftari."

Uso ulinishuka. Ningeweza kusema uongo mdogo wa Idi. Badala yake nikarudi nyumbani, nikalichukua daftari hili, nikamkabidhi. Alikaa juu ya gunia la sukari akasoma tangu mwanzo. Alicheka kwenye mavi ya paka. Kwenye tarehe tatu Mei alisema, "Herufi kubwa kweli." Kwenye ishirini na mbili aliusoma ukurasa mara mbili. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vya miguu yangu. Alipofika mwisho aliomba kalamu, akageuka upande wa ukutani ili nisione, na ninaacha alivyoandika:

*Nasrin anapata. Wa majivu ni wangu. Dagaa wa hawa watoto nitapika mimi, mama yao Zubeida ni hodari wa kusikiliza sauti za simu, jikoni asiaminiwe. Nimekusamehe tangu Ijumaa, nilitaka tu kwanza nione umeandika nini.*